Nguzo ya Mwisho ya Msimu

Simu ya Nyundo iliita akiwa bado anapuliza chai yake. Watu wa meli waliokuwa mezani wakageuka, maana simu kutoka nyumbani alfajiri haileti salamu. Aliitazama, akamtazama mkewe aliyeketi upande wa pili, ndipo akapokea.

"Kaka," sauti ya dada yake ilisema, "Mama hakulala. Anapumua kwa shida. Daktari amekuja, amesema tumwache tu nyumbani."

"Tumwache tu maana yake nini?"

"Maana yake unaijua. Anakuulizia wewe. Mlango ukilia kidogo anasema, mwambieni aingie. Njoo, kaka."

"Nakuja leo. Imebaki nguzo moja. Tukimaliza, boti inatushusha kabla ya mchana. Mwambie nakuja."

"Nitamwambia. Lakini maneno hayo nimeshamwambia tangu jana."

Aliweka simu kifudifudi kando ya kikombe. Mkewe akanyoosha mkono, akaugusa mkono wake. Mpishi wa meli alipita na birika, akamwongezea chai.

Mume na mke hawa walifanya kazi kwenye meli moja, ile iliyokuwa ikisimika nguzo za chuma baharini ili juu yake ifungwe mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo. Mume aliendesha nyundo kubwa ya kugongomea nguzo, ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Mke alikuwa mwangalizi. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya daraja la meli, pale nahodha anapoongozea, na darubini, kuangalia pomboo na viumbe wengine wasiingie ndani ya duara la maboya ya njano wakati nyundo inapiga. Kishindo cha nyundo husafiri mbali chini ya maji, na pomboo ni kiumbe wa masikio. Kwa masikio hutafuta chakula, kwa masikio humpata mtoto wake. Akizibwa masikio, ni sawa na mtu kuachwa gizani asikokujua. Basi kulikuwa na pazia la mapovu ya hewa lililozunguka nguzo ili kupunguza kishindo, kulikuwa na vinasa sauti chini ya maji, na kulikuwa na macho ya mwanamke huyu. Akisema "simama" kwenye redio, nyundo husimama. Mabaharia walimbatiza Mama Simama, na mwanzoni halikuwa jina la heshima, maana wiki yake ya kwanza aliisimamisha meli nzima kwa ajili ya gogo.

Aliyelifurahia jina hilo kuliko wote alikuwa mama mkwe wake. Alikuwa akiishi nao, katika chumba cha mbele kinachopata jua, na kila jirani aliyepita dirishani alipewa habari. "Mkwe wangu akisema neno moja, meli inasimama. Hata mwanangu anasimama! Nyumbani nimemshindwa miaka yote, kumbe dawa yake ilikuwa redio." Kisha alicheka mpaka akakohoa.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kugongomea. Kuanzia kesho yake bahari ile ingefungwa kwa miezi kadhaa, kwa sababu pomboo huja kuzalia pale. Nguzo ya mwisho ilikuwa imeshasimamishwa tangu jana, imeshikwa na vyuma vya meli, inangoja kupigwa. Mwendeshaji wa pili wa nyundo alikuwa ameteremshwa nchi kavu kwa jino bovu, shavu limevimba kama andazi. Aliyebaki ni Nyundo peke yake.

*

Walianza vizuri. Mama Simama aliangalia duara lote kwa muda uliowekwa, hakuona kitu, akatoa ruhusa. Nyundo akaanza kwa mapigo mepesi, kama mtu anayebisha hodi, ili kiumbe yeyote aliye karibu apate kuondoka. Kisha akaongeza. Meli ikatetemeka, vikombe jikoni vikagongana, na nguzo ikaanza kuzama taratibu kwenye sakafu ya bahari.

Ilikuwa imezama zaidi ya nusu Mama Simama alipowaona.

Kwanza aliona mgongo mmoja mweusi, ukatoka na kuzama. Akajiambia ni wimbi. Alijiambia hivyo kwa makusudi, na alijua anajiambia. Akashika darubini kwa mikono miwili. Mgongo ukatoka tena, na ubavuni mwake mgongo mwingine mdogo, wenye mikunjo bado, rangi ya maji ya mchele. Mtoto aliyezaliwa karibuni. Walikuwa wameshavuka maboya.

Akabonyeza redio.  Mawazoni alimwona mama mkwe wake kule nyumbani akigeuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Simama," akasema.

Nyundo ilipiga pigo moja zaidi, kisha ikanyamaza. Ukimya ulikuja ghafla hadi sauti ya maji ikasikika ikilamba chuma.

"Mama Simama, umeona nini?" Msimamizi wa kazi aliuliza redioni.

"Pomboo wawili. Mama na mtoto. Wako ndani ya duara."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Haikupita muda mumewe alikuwa ameshapanda ngazi. Hakuruhusiwa kuacha kiti chake, lakini hakuna aliyemzuia. Alisimama nyuma yake akihema, kofia ya kazi mkononi.

"Mwenzangu. Umewaona kweli?"

"Watazame." Alimpa darubini.

Hakuipokea. Aliiangalia ile darubini kana kwamba ni kitu cha moto.

"Nguzo imebaki kipande tu," alisema. "Ningemaliza, ningekuwa njiani sasa hivi."

"Najua."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Ningejua mimi, na sasa ungejua wewe, na tunalala kitanda kimoja." Aligeukia maboya. "Wakiondoka nitasema papo hapo. Sitachelewesha hata kidogo. Nakuapia."

"Mama anakufa."

"Mama ni wangu pia."

"Hapana," alisema Nyundo, polepole sana. "Leo si wako."

Akashuka. Mama Simama akarudisha darubini machoni, na kwa muda hakuona bahari wala pomboo, aliona ukungu tu, mpaka alipojifuta kwa mkono wa koti.

*

Sheria ilisema duara likae tupu nusu saa nzima kabla nyundo haijaanza tena. Wale pomboo hawakuwa na haraka ya mtu. Mama alielea karibu na uso wa maji, mtoto akinyonya, wakazama, wakaibuka mahali pengine, bado ndani. Kila walipopotea Mama Simama alianza kuhesabu dakika, na kila alipokaribia mwisho, mgongo mdogo ulitoka. Alianza kuwaomba kimoyomoyo. Nendeni. Nendeni basi, mwenzenu nina mtu nyumbani.

"Hao wameshatoka, au sivyo?" Msimamizi aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

"Bado."

"Nguzo ikikaa sana udongo unaibana. Itatukataa. Na jua likizama leo, msimu umefungwa."

"Naelewa, msimamizi. Bado wapo."

 Kisha msimamizi akazungumza tena, safari hii na Nyundo, lakini redio ni ya wote, na kila aliyekuwa nayo alisikia.

"Nyundo, nimeambiwa habari za mama yako. Pole sana. Sikia, ukitaka kuteremka, teremka. Nitakupa boti sasa hivi. Nguzo nitaiacha ilivyo, nitajieleza mwenyewe kwa wakubwa."

"Na kazi yangu?"

"Hapo sitakudanganya. Siwezi kukuahidi kitu."

Mama Simama alisimama. Kutoka pale juu aliona kibanda cha nyundo, kioo chake kikiwaka jua, na nyuma ya kioo kivuli cha mumewe kimeinama. Akashika kitufe cha redio. Alitaka kusema, nenda, mume wangu. Kazi zitapatikana. Nenda kwa mama. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lakini yeye ndiye aliyetoka kumsimamisha. Aliona hana uso wa kumwamuru mara ya pili, tena mbele ya meli nzima. Kidole kikalegea.

"Nabaki," Nyundo alisema. "Hao hawatakaa milele. Wakitoka tunamaliza upesi."

"Umeamua?"

"Nimeamua, msimamizi. Nabaki."

Jua lilikuwa limeshapita utosini pomboo walipotoka. Hawakukimbia. Walipita katikati ya maboya mawili, mkubwa mbele, mdogo ubavuni, wakaelekea maji ya kina. Mama Simama akawasindikiza kwa darubini mpaka macho yakamuuma, akangoja nusu saa yake, akatoa ruhusa. Udongo ulikuwa umeshaikamata nguzo kama msimamizi alivyosema. Iliteremka kwa kugombana, kidogo kidogo, na Nyundo aliipiga bila kuinua kichwa. Ilipofika kina chake mabaharia hawakushangilia, ingawa ilikuwa ya mwisho. Mpishi aliwafungia mkate kwenye karatasi, akawapa wakiingia botini. Hakuna aliyeula.

*

Walijua kabla ya kufika mlangoni. Viatu vilikuwa vingi mno kizingitini, na majirani waliosimama barazani waliangalia chini.

Dada mtu alitoka ndani, akamwangukia kaka yake kifuani. Alipomaliza kulia alijifuta uso kwa kanga, akasema, "Ameondoka sasa hivi tu, kaka. Mwili bado una joto. Amekungoja. Alikuwa amefumba macho, lakini boti yoyote ikipiga honi gatini anayafumbua."

Nyundo aliingia chumba cha mbele, akafunga mlango. Kilio chake kilikuwa cha chini, cha mtu anayejaribu kubeba kitu kizito asichoweza kukiinua.

Mkewe alibaki ukumbini na koti lake la kazi. Wifi yake akamtazama.

"Mlisema kabla ya mchana."

"Kulikuwa na pomboo, wifi. Ilibidi tusimame."

"Ilibidi nani?"

"Mimi ndiye niliyesimamisha."

Alisema hivyo tu, kwa sababu ndiyo kweli aliyoulizwa. Hakuongeza ya boti iliyotolewa ikakataliwa. Aliona hiyo ni ya mwenyewe kuisema, atakapopata nguvu.

Habari ilienea nyumba nzima kabla hawajamaliza kumwosha marehemu. Alipokwenda kusaidia, mwanamke mmoja mzee alimwambia kwa upole, "Pumzika tu, mama. Tunatosha." Alipokwenda jikoni kumenya vitunguu, kisu kilichukuliwa mkononi mwake. Alipobeba sinia la chai kuwapelekea wageni, binamu wa mumewe alilipokea mlangoni, akaingia nalo yeye. Akawa mgeni katika nyumba aliyoipaka rangi kwa mkono wake. Alipata kazi moja tu ambayo hakuna aliyeigombea, kuosha vikombe uani. Akaviosha. Vilipokwisha, akaviosha tena.

Baada ya mazishi jamaa walikaa ukumbini. Mjomba wa Nyundo, aliyetoka mbali, hakuwa amepata habari zote. Akauliza kwa nia njema, "Na wewe, mwanangu, ulikuwa baharini tu usiweze kuja?"

Kabla Nyundo hajajibu, dada yake alijibu. "Angekuja, mjomba. Aliyemzuia ni huyo pale. Aliona samaki anapita na mtoto wake, akasimamisha meli. Mama wa samaki alipewa njia. Mama wa kaka akafa anatazama mlango."

Hakuna aliyemsahihisha, hata aliyejua kuwa pomboo si samaki. Macho yote yalimgeukia mke, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Yeye hakuwatazama. Alimtazama mumewe. Alingoja, kama alivyozoea kungoja kitu kitoke juu ya maji. Neno moja lingetosha. Nilipewa boti. Au, nilibaki mwenyewe.

Nyundo aliinamia kikombe chake. Alikizungusha kwenye kisahani, mara moja, mara ya pili.

"Kazi ya Mungu haina makosa," mjomba alisema, akijaribu kuifunika aibu.

"Ndiyo, mjomba," Nyundo akajibu.

Mkewe akaenda uani na ndoo yake.

*

Wageni waliondoka mmoja mmoja, mpaka nyumba ikabaki na wawili tu na kile chumba cha mbele ambacho hakuna aliyekifungua. Walizungumza. Chumvi iko wapi. Umefunga geti. Nani amelipa maji. Mtu wa nje angedhani wameelewana. Lakini mume alikuwa akilala amegeukia ukuta, na mke alikuwa akiamka na maumivu ya taya, kwa kuuma meno usingizini.

Asubuhi moja alichukua ufunguo, akakifungua chumba. Akakunja shuka, akatoa godoro juani, akaanza kufagia. Nyundo alimkuta akiwa amepiga magoti chini ya kitanda, anavuta vumbi kwa ufagio.

"Ungeniambia tufanye wote," alisema.

"Ningekuambia."

Akaketi kwenye chaga tupu za kitanda. Alikaa hapo muda mrefu, akimwangalia anavyofagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Siku ile," alianza, akasita. "Msimamizi alinipa boti."

"Nilisikia. Redio ilikuwa mkononi mwangu."

Alionekana kama mtu aliyepigwa. "Ulisikia? Na siku zote hizi umenyamaza? Dada alipokusema mbele ya watu, ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Niliogopa kazi," Nyundo alisema. Machozi yalianza kumtoka bila yeye kuyajali. "Nilifikiri nina muda. Mama amewahi kuzidiwa akapona, si unakumbuka? Nikajiambia atapona na hii. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

Mke aliweka ufagio. Akamsogelea, akamshika kichwa, akakilaza kifuani mwake, naye akamlilia kama ambavyo hakuwahi kulia hata siku ya msiba. Akampapasa mgongo. Alimpenda wakati ule kuliko siku nyingi zilizopita, na alimhurumia kwa moyo wote.

"Mimi pia nina langu," alimwambia. "Nilishika redio nikuambie nenda. Sikusema. Nitaishi nalo hilo. Ile simama siijutii, lakini hilo nalijutia."

Alingoja atulie.

"Sasa twende kwa dada yako," alisema. "Ukamweleze. Si lazima useme mengi."

Nyundo akainua kichwa. Alijifuta uso kwa viganja, akatazama dirishani.

"Ametulia sasa," alisema. "Tumwache. Msiba ndiyo kwanza unapoa."

"Ananiita muuaji sokoni."

"Atasahau."

"Wewe ungesahau?"

Nyundo hakutoa macho dirishani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtoto, "Nikiwaambia kwamba nilipewa boti nikakataa, watanionaje?"

Mkewe alimtazama. Alitafuta usoni mwake dalili kwamba amesikia alichokisema. Hakuiona.

"Wataniona mimi vizuri," akajibu.

Alisubiri kidogo tena, kwa ajili ya miaka yao ya ndoa. Jua lilikuwa limeingia chumbani, limefika hadi kwenye miguu ya kitanda. Nje jirani alikuwa anamwita mtoto wake aje aoge. Nyundo alivuta pumzi kama anayetaka kusimama, akaitoa, akabaki ameketi.

*

Aliondoka wiki hiyo hiyo. Kulikuwa na kazi ya uangalizi kwenye bahari nyingine, ambako mitambo ilikwisha simama na ilihitajika watu wa kuchunguza kama samaki na ndege wamerudi. Aliiomba, akapewa. Hakumwambia mtu kwamba ameachika wala kwamba ameacha. Alisema anakwenda kazini, na Nyundo alimbebea begi mpaka kituoni, akamnunulia maji ya njiani. Waliagana kwa kushikana mikono, kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja.

Mwishowe Nyundo alisema. Ilimchukua mpaka msimu mwingine wa kugongomea ulipofunguliwa, na hakwenda yeye kusema. Dada yake alikuja kumfulia nguo, akaanza kama kawaida yake kumlaani yule mwanamke, naye akamkatiza, akamweleza yote, boti, kazi, na neno "nabaki" alivyolitamka mara mbili. Dada alimsikiliza huku akikamua shati. Alipomaliza, akamwambia, "Kaka, una moyo mwema sana. Hata sasa unamsetiri." Akalianika shati kwenye kamba, akalinyoosha mikono vizuri, akachukua jingine.